Vichanja vya Kahawa Ufukweni Ngumbo

Nilifikisha miaka thelathini na moja bila kuliona Ziwa Nyasa. Watu wa mbali hushangaa nikisema hivyo, maana kutoka Mbinga mjini hadi Mbamba Bay siku hizi ni safari ya asubuhi moja. Lakini sisi tuliozaliwa milimani tunashinda kwenye miteremko yetu. Tunachimba ngolo, yale mashimo ya kuzuia maji na udongo, tunapanda mahindi na maharage, tunachuma kahawa, na Jumapili tunakwenda misa. Ziwa tulilijua kwa samaki wake tu. Usipa, wale dagaa wa ziwani, walitufikia wakiwa wamekauka ndani ya magunia, wamejaa mchanga, na tulikua tukiamini kwamba mchanga ni sehemu ya usipa.

Nilikuwa mchambuzi wa buni katika kiwanda kidogo cha kahawa cha mama mmoja ambaye wote tulimwita Hajati. Babu yake alifika Mbinga kutoka Kilwa akiwa na robota la vitambaa, akafungua duka. Mjukuu akaacha vitambaa akaingia kwenye kahawa. Tulikuwa wafanyakazi kumi na wanane, wengi wetu wanawake. Mimi na wenzangu tuliketi kwenye benchi refu, tukitoa punje zilizovunjika, zilizooza na zilizotobolewa na wadudu. Ukishaizoea kazi hiyo, vidole vinajua kabla ya macho.

Halafu ikaja korona. Kwetu haikuja kwa kelele. Kwanza ziliwekwa ndoo za kunawia mlangoni, kisha shule zikafungwa, kisha siku moja mnunuzi wetu mkubwa akapiga simu kusema hatachukua mzigo mpaka atakapotoa taarifa nyingine. Taarifa nyingine haikuja. Magunia yalipangwa mpaka yakakaribia dari. Nyumba ya wageni iliyokuwa jirani yetu iliwaambia wafanyakazi wote wasirudi Jumatatu, na mmoja wao, mama wa watoto wanne, alianza kupita kiwandani kwetu kuuliza kama kuna nguo za kufua.

Tukajua zamu yetu imefika Hajati alipotuita uwanjani, pale kwenye vichanja vya kukaushia kahawa. Ni meza ndefu za miti, juu yake umetandikwa wavu wa waya, ili hewa ipite chini na juu ya kahawa. Alisimama akiwa ameweka mkono juu ya kichanja kimoja kama mtu anayeegemea kitanda cha mgonjwa.

"Wanangu," alisema, "mzigo hauondoki, na sijui utaondoka lini. Siku tatu nimekaa nikifikiri nani abaki na nani aende. Nimeshindwa kuchagua. Basi tunabaki wote, kila mtu siku tatu kwa wiki. Na mimi nimo humo humo."

Fundi wetu wa mashine, mzee mtaratibu asiyependa maneno mengi, akauliza, "Hajati, hizo siku tatu tutafanya kazi gani, na mashine imenyamaza?"

"Hilo sijalijua, baba. Nisaidieni kulitafuta."

Nilikuwa nimezoea kusikia matajiri wakitoa amri. Sikuwahi kumsikia tajiri akisema hajui. Wiki ile ile gari lake dogo jeupe likatoweka, akawa anakuja kazini kwa miguu, amejitanda mtandio wake, akisalimiana na kila mtu njiani. Hakuna aliyemuuliza gari liko wapi. Tulielewa.

Kazi tulitafutiwa na mwenzetu wa benchi, dada aliyeolewa na mtu wa Ngumbo, kule ufukweni. Alirudi kutoka msibani kwa wakwe akatusimulia kwamba wanawake wa kule wanamwaga usipa kwa sababu wachuuzi waliokuwa wakitoka Songea hawaji tena. Mvua nazo zilikuwa zimeanza, na usipa wanaoanikwa mchangani wakinyeshewa wanaoza siku hiyo hiyo. Hajati alikuwa amesimama mlangoni, akasikiliza mpaka mwisho.

"Na hapa sokoni," akasema, "usipa hawaonekani kabisa."

Siku mbili baadaye alinichagua mimi na yule dada tufuatane naye. Tulipanda lori la kiwanda. Barabara ilizunguka milima ikishuka, ikizunguka tena, masikio yakaziba, hewa ikaanza kuwa nzito na ya joto. Kwenye kona moja dereva akasema, "Hilo hapo," nami nikatafuta ziwa chini, mahali nilipotazamia maji yawe. Sikuliona. Nililiona nilipoinua macho. Lilikuwa limesimama juu kama ukuta wa buluu, limeshika mbingu, na sikuona pa kulitenganisha na mawingu. Nilinyamaza mpaka Mbamba Bay. Hajati aliniangalia mara moja tu, akanipa chupa ya maji.

Tulilala Ngumbo kwa wakwe wa yule dada. Asubuhi, jua likiwa ndiyo kwanza linagusa vilele nyuma yetu, tulikwenda ufukweni kuwasubiri wavuvi. Wanawake walikuwa wengi, kila mmoja na ndoo yake. Mitumbwi ilipoonekana inakaribia, walianza kukimbia. Waliingia majini mpaka kiunoni, wakishika kingo za mitumbwi, wakiita majina ya wenye mitumbwi, wakisukumana. Mwenye mtumbwi ndiye aliyechagua ndoo ya nani ijazwe. Wengine walichaguliwa kwa ujirani, wengine kwa nguvu za mabega yao, na wengine kwa masharti ambayo wanawake wale walinieleza baadaye kwa sauti ya chini, na ambayo sitayaandika hapa.

Nyuma yao wote, mbali na maji, kulikuwa na mama mmoja amekaa juu ya ndoo aliyoigeuza. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umepooza tangu utotoni. Alikuwa na fimbo mapajani. Nikadhani ni ombaomba, na ninaona aibu kulisema hilo, lakini ndivyo nilivyodhani. Vurugu ilipokwisha na mitumbwi kuburutwa nchi kavu, aliinuka, akaenda taratibu, akaanza kuokota usipa walioangukia mchangani, mmoja mmoja, akiwatia ndani ya ndoo.

Hajati alimfuata. Mimi nikafuata nyuma yake.

Nyuma ya nyumba yake, yule mama alikuwa ameanika usipa wake juu ya mwamba mkubwa alioufagia mpaka unang'aa. Aliwaosha mara tatu katika maji safi, akawapanga kwa mkono bila kuwarundika, akawa anawageuza. Hajati alichukua mmoja aliyekwisha kukauka, akamvunja, akamnusa, akamtafuna.

"Huyu hana mchanga," alisema.

"Mimi ni mtu wa kukaa, Mama," alijibu yule mama. "Wenzangu wana mbio, mimi nina muda."

Hajati aliketi chini. Mwanamke ambaye kule Mbinga mameneja wa benki humvutia kiti, alikunja gauni lake akaketi juu ya udongo mtupu, akasema, "Basi nifundishe, mwenzangu."

Akafundishwa mpaka adhuhuri. Aliuliza kwa nini maji yabadilishwe mara tatu, samaki ageuzwe lini, anajulikanaje kuwa amekauka ndani na si nje tu. Yule mama alianza kujibu akiangalia chini. Kufikia adhuhuri alikuwa anamkosoa. "Hapana, Mama, hivyo unamvunja. Mshike hivi." Na Hajati alimshika hivyo.

Tuliporudi Mbinga, aliamuru vichanja vyote vifunguliwe. Msimu wa kukausha kahawa ulikuwa umekwisha, vingekaa bure mpaka mwakani. Tulikata waya, tukang'oa misumari, tukafunga miti mafungu mafungu. Watu walisimama barabarani kuangalia lori likiondoka na vichanja, wengine wakasema Hajati amefilisika, anauza mpaka meza. Fundi wa mashine alikaa juu ya mzigo, ameshika nyundo yake, akiwaangalia tu.

Ngumbo walitupokea vizuri, lakini kwa mashaka. Tulisimika vichanja juu ya ufukwe, tukawaita wanawake, na Hajati akaeleza shauri lake. Atanunua usipa waliooshwa na kukaushwa vichanjani, wasio na mchanga. Atanunua kwa kila mtu, mwenye kilo mbili kama mwenye gunia. Wataletwa Mbinga, tutawachambua pale kwenye benchi letu, tutawafunga kwenye pakiti, na lori la kiwanda litawasambaza madukani. Yule mama wa mguu ndiye atakayefundisha, na atalipwa kwa kufundisha.

"Ila kuna jambo moja," alisema. "Nitanunua samaki waliogawanywa kwa foleni. Hapa ufukweni ndoo zipangwe mstari jioni, na asubuhi zijazwe kwa mstari. Aliyekosa leo, kesho anaanza yeye."

Mmoja wa wenye mitumbwi, mtu mzima mwenye sauti nzito na mitumbwi mitatu, akacheka kidogo. "Mama, samaki ni wangu. Nitampa ninayemtaka."

"Ni wako kweli," alijibu Hajati. "Na fedha ni zangu. Kila mmoja ana chake."

"Unataka kutuletea huruma ya dini huku?"

"Sadaka yangu naitoa kwingine, kaka. Hapa natafuta samaki safi. Anayejua kuwasafisha hawezi kukimbia, na wanaokimbia hawajui kuwasafisha. Ukinipa njia nyingine ya kuwapata, nitaifuata."

Mwenye mitumbwi hakukubali. Jioni ile wanawake saba tu walipanga ndoo zao. Ya kwanza iliwekwa na yule mama wa mguu. Asubuhi mitumbwi ilipita kando ya ule mstari kama hauonekani. Siku ya pili vivyo hivyo. Vichanja vilisimama vitupu, waya ukimeta juani, na watoto wakaanza kuvipanda. Wale waliokimbia walipata samaki, wakawaanika mchangani, mvua ya mchana ikawanyeshea, na hakuna mchuuzi aliyekuja. Siku ya tatu nilimwambia Hajati kwamba huenda tungelegeza kidogo, tununue kwa yeyote tuanze kazi, foleni itakuja yenyewe.

"Haiji yenyewe," aliniambia. "Nikinunua leo bila foleni, nimeshawachagua wale wenye mabega. Nitakuwa nimemtajirisha yule yule anayepata siku zote."

Asubuhi ya nne ndoo zilikuwa nyingi zaidi, ishirini na kitu. Yule mwenye mitumbwi mitatu alishuka majini, akaja akitembea kando ya mstari. Alipofika kwenye ndoo ya tisa alisimama. Ilikuwa ya kijani, mshikio wake umefungwa kitambaa chekundu.

"Hii si ya nyumbani kwangu?" aliuliza.

Mke wake alitoka miongoni mwa wanawake. "Ni yangu," alisema. "Na ikifika zamu yangu nijazie."

Hakupandisha sauti. Yule bwana alimwangalia mke wake, akayaangalia maji, akaiangalia mitumbwi yake iliyojaa samaki ambao kufikia jioni wangekuwa mbolea. Kisha akarudi mpaka mwanzo wa mstari. "Na hii ya kwanza ya nani?"

"Ya kwangu, kaka," alisema yule mama wa mguu.

Akawaita vijana wake wakaijaza. Usipa walimiminika wakimeta kama fedha iliyoyeyushwa. Nilisikia samaki wakianguka ndoo hadi ndoo, na mawimbi, basi. Yule mama alitia mkono wake ndani ya ndoo iliyojaa, akauacha humo. Miaka yote aliyokaa ufukweni pale, aliniambia baadaye, hakuwahi kujaziwa ndoo na mtu.

Mimi ni mtu wa kanisani. Nimeona maaskofu wakipita, nimesikia kwaya kubwa zikiimba Pasaka. Lakini woga ule mtakatifu, unaokufanya utamani kuvua viatu, sijapata kuuonja kama nilivyouonja pale, mbele ya mstari wa ndoo za plastiki.

Tulifanya kazi juma zima. Ilipofika Alhamisi, wingu lilitoka upande wa Malawi, jeusi, likaja juu ya maji kwa kasi ambayo milimani hatuijui. Tulikuwa na maturubai yetu ya kufunikia kahawa. Wanawake waliyavuta juu ya vichanja, wakayafunga kwa kamba huku upepo ukiyapuliza kama matanga, na hata wale waliokuwa hawajajiunga nasi wakaja kushika ncha. Mvua ilipiga mpaka mchanga ukawa mto. Ilipokatika, yule mama wa mguu alifunua turubai la kwanza, akaingiza kiganja chini, akasema, "Wakavu." Tukaenda kichanja hadi kichanja, na kwa kila kimoja alisema neno lile lile. Nikaona wanawake wanakaa chini kwenye matope, wamechoka, wanacheka bila sababu ya kuchekesha.

Mbinga, benchi letu lilipata kazi tena. Vidole vilivyozoea punje mbovu vilijifunza kuwatoa samaki waliokatika. Yule mama wa nyumba ya wageni aliajiriwa kufunga pakiti. Kahawa ilipoanza kununuliwa tena, mwaka uliofuata, hatukuachana na usipa. Msimu wa kahawa vichanja vinapanda mlimani, mvua zikikaribia vinateremka ziwani. Tulirudi kwenye siku sita za kazi. Hajati naye anazo, ila bado anatembea kwa miguu. Anasema miguu iliyokuwa ikimuuma imepona tangu aachane na gari.

Mwaka huo huo wa pili alimleta yule mama wa Ngumbo atufundishe kiwandani. Alikaa mbele kwenye lori, fimbo yake mapajani. Nilikuwa pembeni yake tulipofika juu, asubuhi na ukungu, na miteremko yote ya ngolo ikafunguka, mashimo elfu na elfu yamepangwa mlimani kama kazi ya mfumaji, kahawa ikiwa imechanua nyeupe katikati. Alimwomba dereva asimame. Alitazama muda mrefu.

"Nani aliyachimba haya yote?" aliuliza.

"Sisi," nilimwambia. "Mama zetu na bibi zetu."

"Kwa mikono?"

"Kwa jembe."

Akatikisa kichwa taratibu. Nikaelewa kwamba alikuwa ananyamaza kama mimi nilivyonyamaza siku ile nilipoliona ziwa. Tulipofika kiwandani, fundi wa mashine, aliyemzidi umri, alisimama kumpokea, na wasichana wa benchi wote wakainuka wakasema, "Shikamoo, Mama." Aligeuka kuangalia nyuma, kama kuna mtu mwingine anayesalimiwa.

Siku tatu baadaye alisimamia mapokezi ya usipa. Hajati alikuwa na oda kubwa kuliko mzigo wetu, kwa hiyo alinunua mwenyewe magunia manne kwa mchuuzi wa Mbamba Bay. Yule mama alifungua la kwanza, akachota usipa kiganjani, akatafuna kidogo.

"Hawa hapana," alisema.

Yule dada wa benchi akamnong'oneza kwamba hayo ni magunia ya mwenye kiwanda. "Nimesikia," alisema. "Hapana."

Hajati alitoka ofisini, akatafuna naye, uso wake ukajikunja. "Mama amekataa," akawaambia wapakiaji. "Yarudisheni." Na oda ile ilikwenda pungufu.

Sitaki kumfanya Hajati malaika. Ni mkali, huchelewi kazini kwake mara mbili. Wala Ngumbo haijawa mji wa matajiri. Nyumba nyingi bado ni za nyasi, na wanawake wawili kati ya wale saba wa kwanza waliacha, mmoja kwa ugonjwa, mwingine kwa ugomvi. Wapo wafanyabiashara waliotoa misaada mikubwa wakati ule, unga na sabuni na ndoo, na watu walishukuru. Misaada ile iliisha. Mtu anayenunua kila wiki, anayeamua anunue kwa nani na kwa utaratibu gani, ana nguvu ambayo sikuwahi kuifikiria mpaka nilipoiona ikitumika kwa upande wa aliyekaa nyuma. Nadhani nguvu hiyo ipo kila siku, katika kila duka na kila mashine ya kusaga. Mara nyingi inaegemea kwa mwenye mbio, na hatuioni kwa sababu tumeizoea.

Wanawake wa Kihagara, kijiji kingine cha ufukweni, wametuomba twende. Wamekata miti yao wenyewe, wanachokosa ni waya na mtu wa kuwaonyesha jinsi ya kuufunga usilegee. Hajati amenituma mimi, pamoja na yule mama wa Ngumbo. Nimeshapakia koleo, misumari na mabunda mawili ya waya, na yule mama ametuma ujumbe kwamba nisisahau viatu vya maji, kwa sababu kule ufukwe una mawe.